Kakakuona na Nyumba Isiyo na Ufa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyumba.

Ya nani?

Ya Kakakuona, na mlio nyuma sogeeni msikie.

Hapo zamani za kale wanyama wote walikaa katika nyumba za udongo. Kila masika yakiisha kuta zilikuwa na nyufa, na mwenye nyumba aliwaita majirani waje kumkandikia. Ngiri alikanyaga udongo, Nyani alifunga fito, Kanga aliezeka nyasi. Kazi ikiisha, kila mmoja aliacha alama ya mguu wake ukutani, ukuta ungali mbichi. Siku ya pili mwenye nyumba naye alikwenda kukandika kwao.

Kakakuona akachoka. Alisema kuita watu kila mwaka ni kujidhalilisha. Akabomoa nyumba yake, alama za majirani zikaenda na vumbi, akajenga ya mabati matupu, juu mpaka chini. Akajisifu kwamba sasa hamhitaji mtu. Bwana mkubwa huyo!

Masika ya kwanza yakaisha. Nyumba haikupata ufa, Kakakuona hakumwita mtu. Na desturi yao ilikuwa hiyo: mtu asipoita, naye haitwi. Akasikia nyimbo za kukandika kwa Nyani. Masika ya pili, akazisikia kwa Kanga. Masika ya tatu, akazisikia kwa Ngiri, yeye amekaa ndani, mabati yanamchoma kama kikaango, na hana hata wa kumwambia kwamba leo jua ni kali. Alikuwa mpweke, jamani. Alilia.

Akajikokota mpaka kwa Ngiri, kichwa chini.

“Jirani, najua sikuitwa,” akasema. “Naomba nikanyage udongo na mimi.”

Nyimbo zikakatika. Nyani akamtazama Kanga. Ngiri akasogea kidogo ndani ya shimo la udongo.

“Weka mguu,” akasema. “Udongo unakauka.”

Mwaka huo Kakakuona aling'oa mabati, akasimamisha fito, akaita watu. Walikuja wawili tu, Kanga alikataa. Lakini wakakandika, wakaacha alama zao.

Masika yalipopita, Kakakuona akaizunguka nyumba yake akipapasa kuta taratibu. Nyuma ya mlango akakuta ufa, mwembamba kama unywele. Akaushika, akacheka peke yake. Kisha akatoka kwenda kumwita Kanga.

Basi wanangu, tusione haya kumwomba jirani msaada, maana tukiacha kuhitajiana tutaacha na kutembeleana.

Hadithi yangu nimeikandika hapa. Aliyeona ufa, na aje tuuzibe.