Fisi na Mnono wa Pango la Pili

Hadithi hiyooo!
— Ije tuione!
Ikija itakaa wapi?
— Hapa, katikati yetu!

Haya. Paliondokea Fisi, mwenye njaa isiyojua likizo. Siku ya chanjo wanyama wote walipimwa uzito, na karani wa msitu, Bi Nguchiro, akawaandika kwenye kompyuta, katika jedwali lenye safu tatu: jina, makazi, uzito. Fisi akapata habari. Akaja mbio, akamwambia karani amfungulie jedwali, la sivyo atammeza yeye kwanza. Bi Nguchiro aliogopa, tena sana.

"Unataka kuona nini, Bwana Fisi?"

"Yote."

Karani akaandika, ta-ta-ta: ONYESHA YOTE KUTOKA WANYAMA. Prrrrr! Mistari mia nne ikamwagika. Macho yakamzunguka Fisi. Akakuna kichwa, kwaru kwaru.

"Mbona sioni kitu?"

Karani akamweleza kwamba mashine hujibu ilichoulizwa, basi. Aseme anataka safu gani, na mnyama wa namna gani. Fisi akafikiri mpaka masikio yakamuuma. Akasema anataka anayekaa pangoni, maana pangoni hakuna pa kukimbilia, na awe mnono kuliko wenzake. Aonyeshwe anapokaa tu.

"Jina je?"

"Jina haliliwi."

Ta-ta-ta: ONYESHA MAKAZI KUTOKA WANYAMA, AMBAPO MAKAZI NI PANGO, PANGA KWA UZITO, MZITO KWANZA, MMOJA TU. Likatoka jibu: Pango la pili, nyuma ya jabali jeusi.

Fisi akashangaa. Yeye mwenyewe alikaa pande zile, na jirani mnono hivyo hakuwahi kumwona. Tatizo ni kwamba kwake alizoea kurudi gizani, ameshiba, macho nusu. Mlango wake hakuujua mchana. Akalifikia pango, akanusa, fu-fu-fu. Likanuka kama yeye. Akachungulia, akaona mifupa ya aina anayoipenda. Akakuna kichwa, kwaru kwaru, akajificha nyuma ya jabali kumvizia mwenyewe.

Siku ya kwanza mwenye pango hakurudi. Siku ya pili hakurudi. Siku ya tatu hakurudi, na tumbo la Fisi likalia ngruu.

Siku ya nne akarudi kwa karani akijikokota. Ofisi tupu. Msitu kimya. Wanyama wote walikuwa wamehamia ng'ambo ya bonde, na kila aliyeondoka, Bi Nguchiro alimfuta jedwalini, kisha akajifuta na yeye, akawafuata. Mashine ilibaki inawaka. Fisi akaandika kwa ukucha mmoja: ONYESHA YOTE KUTOKA WANYAMA.

Ukatoka mstari mmoja. Jina: Fisi. Makazi: Pango la pili, nyuma ya jabali jeusi. Uzito: kilo themanini.

Akausoma. Akausoma tena. Kwaru kwaru.

"Kumbe na yeye anaitwa Fisi," akasema, akarudi kumngojea.

Funzo lake, wanangu: kuuliza jina la mtu ni umbea. Ulizeni anapokaa tu.

Hadithi imerudi kwao. Asiyeielewa akamsaidie Fisi kungoja.