Pimbi, Fisi Mhariri na Karatasi za Karanga

— Ngano yangu inabisha hodi!
— Karibu, ingia!
— Haijaapa kusema kweli!
— Ikiwa tamu, inatosha!

Basi, hapo kale Fisi alikuwa na gazeti, jina lake Kicheko. Mtambo ulilia kachakacha-pu, kachakacha-pu, na kila asubuhi likatoka jambo la kutisha kwa herufi nyekundu. Jumatatu, Nungunungu ana jini. Jumanne, jini la Nungunungu lina mimba. Jumatano Nungunungu kahama kwa aibu, na Fisi kahamia shimoni mwake.

Halafu Fisi akalitamani jabali la Pimbi.

Pimbi alikuwa mdogo kuliko kichwa cha Fisi, mgane, mwenye watoto watatu. Kachakacha-pu! Gazeti likatoka: PIMBI ALIMUUA MKEWE? Alama ya kuuliza ilikuwa ndogo kama kiroboto.

Majirani wakaacha kumsalimu. Baraza likaitwa Ijumaa, hapo hapo jabalini: akionekana ana hatia, afukuzwe yeye na wanawe.

Pimbi alilisoma gazeti lile mara moja tu. Mkewe aliuawa na Chatu, mfalme wa zamani, kabla siafu hawajamtimua. Enzi zile hakuna aliyethubutu kulisema, na sasa wengi walikuwa wamesahau. Akalikunja gazeti, akaenda ofisini kwa Fisi.

"Hodi, Bwana Mhariri."

"Ala! Muuaji mwenyewe! Karibu, kaa. Umekuja kukana? Kukana nako kunauza."

"Nimekuja kukupa shauri. Ijumaa msitu mzima utakuja. Watakaa, watachoka, watataka karanga. Dada Kanga anazo karanga, hana karatasi za kufungia. Nawe stoo yako imejaa magazeti ya enzi za Chatu."

Fisi akashtuka. Enzi hizo Kicheko lilimsifu Chatu asubuhi, likamsifu tena jioni. Siku hizi Fisi alijiita mpigania haki, aliyemng'oa Chatu kwa kalamu yake mwenyewe.

"Magazeti yale… yana vumbi, ndugu yangu."

"Haya, kama hutaki kuuza, tuache."

"Nani kasema sitaki?" Mate yakamdondoka, to, to, to. "Na kwani nani husoma karatasi ya karanga? Hu-hu-huii!"

Hapo ndipo alipokosea. Kitabu husomwa na apendaye. Karatasi ya karanga husomwa na kila mtu. Karanga zikiisha, macho yafanye nini?

Ijumaa jabali likajaa. Tafu-tafu, tafu-tafu, wanyama wakatafuna. Fisi akapanda juu, tai shingoni.

"Wananchi! Huyu ni muuaji. Kicheko limeandika!"

"Kicheko huwa linakosea, Bwana Mhariri?" Pimbi akauliza kwa upole.

"Kamwe!"

"Hata siku moja?"

"Hata herufi moja! Tangu toleo la kwanza!"

"Ahsante. Jamani, karanga zimeisha?"

"Zimeisha!"

"Basi kunjueni karatasi, msome."

Kra-kra-kra, karatasi zikakunjuliwa.

Ngiri akasoma: "SUNGURA AINGIA MWENYEWE KINYWANI MWA MFALME, ASEMA NDANI KUNA NAFASI."

Swala akasoma: "CHATU AWAKUMBATIA WATOTO WA SWALA KWA UPENDO." Wale walikuwa wadogo zake.

Bi Kobe, mwenyekiti wa baraza, akasoma polepole, maana hana haraka: "BI PIMBI AKUMBATIWA NA MFALME. PUMZI YAMKATIKA KWA FURAHA."

"Bwana Mhariri," Pimbi akasema, "gazeti la zamani likiwa la kweli, aliyemuua mke wangu ni Chatu. Likiwa uongo, la leo tuliamini kwa nini? Chagua."

Fisi akailegeza tai. "Yalikuwa… yalikuwa makosa ya mpiga chapa!"

"Na mpiga chapa wako ni nani?" akauliza Bi Kobe.

"Ni… mimi."

Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kumsogelea. Fisi akatimka, puru-puru-puru, tai ikipepea mgongoni.

Pimbi akabaki na jabali lake. Wanyama walipotawanyika, alimwomba Bi Kobe ile karatasi. Ilikuwa na picha ya mkewe, ndogo, pembeni. Akaipangusa chumvi, akawaita wanawe waje waone.

Kesho yake, ng'ambo ya mto, kachakacha-pu! Gazeti jipya, Sauti ya Wanyonge: FISI AMWOKOA PIMBI! Likanunuliwa lote kabla jua halijapanda.

Ngano yangu imechoka, naibeba nikailaze.
— Na funzo lake?
Funzo? Watoto wangu, aminini kila mnachosoma, hasa kikiwa na herufi nyekundu. Nanyi wahariri, karanga zifungwe kwa majani ya mgomba.