Joho la Aliyemwacha Huru Farajala

Hapo zamani, zamani ya waungwana waliokuwa wakifungiwa vilemba na watu wengine, palikuwa na mji wa nyumba za mawe. Jina la mji silitaji, maana wajukuu wao bado wapo na bado wanaringa. Waungwana wa mji huo hawakulima, hawakushona, hawakupika. Kazi yao ilikuwa kukaa barazani na kuulizana babu ya nani alitoka wapi. Wakachoka. Msicheke, hata kukaa kunachosha.

Siku moja Mwinyi Shekuwe akasema, "Jamani, tufanye mchezo. Tuvae mavazi ya wafalme wa kale, tusimame jukwaani siku ya Idi, mji mzima ututazame." Huyu Mwinyi Shekuwe alijiita mtunzi. Ukienda kwake kula, sinia haliletwi mpaka umalize kusikiliza mashairi yake, na wengi walikuwa wakirudi kwao na njaa kwa hiari yao.

Akatunga mchezo. Mfalme ana mtumwa, mtumwa kavunja taa, mfalme kaghadhibika, kachomoa upanga. Kisha moyo unamlainika, anasema, "Inuka, nimekusamehe." Basi. Mchezo ndio huo, na kuutunga kulimchukua tangu mfungo mosi mpaka Rajabu.

Wakaketi kugawana. "Nani atakuwa mfalme?" Wote wakanyoosha mikono. "Nani atakuwa waziri?" Wakanyoosha, lakini kwa uvivu. "Nani atakuwa mtumwa?" Mmoja akatazama dari, mwingine akatazama pete yake.

"Wewe je?"

"Mimi? Mimi niliyezaliwa katika nyumba ya ghorofa?"

"Basi wewe."

"Hata kwa mchezo sipigi magoti. Magoti yangu hayajui."

Ufalme aliupata Jumbe Kondo, kwa kuwa sauti yake ilizishinda sauti zote, na debe tupu haliachi kuvuma. Utumwa haukupata mtu. Afadhali wauvunje mchezo mzima kuliko mmoja wao kuinama kwa muda wa kunywa kahawa.

Ndipo akasema Mwana Hidaya, bibi mwenye mashamba na matanuri ya chokaa, "Mnahangaika nini? Kwangu yuko Farajala. Mchukueni huyo. Kupiga magoti anajua."

Farajala alikuwa mtumwa wa kweli. Alichoma chokaa, na moshi ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu. Mkewe aliitwa Mashavu, mwanamke huru, mfumaji wa mikeka. Sasa sikilizeni vizuri, maana shida yote iko hapa: Mwana Hidaya alikuwa amekwisha kumwahidi mkwe wake wa ng'ambo kwamba baada ya Idi atampelekea Farajala kama zawadi. Chombo kilikuwa kinangoja bandarini. Kikitweka, Mashavu hana mume na Farajala hana mke, mpaka kaburini.

Jumbe Kondo alipoletewa Farajala akanuna. "Mimi Jumbe nisimame mbele ya watu nikimwamuru mtumwa wa kuazima? Watasema sina wangu."

Mwana Hidaya alikuwa anataka kwenda kulala. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akasema mbele ya wote, "Haya, mchukue, ni wako! Umefurahi?"

Jumbe akafurahi. Hakuna aliyeyafikiri tena maneno hayo, isipokuwa mmoja, naye hakuulizwa.

Ikafika Idi pili, alasiri, uwanja umejaa. Wakatoka waungwana na mavazi yao, na mavazi hayo, jamani! Jumbe Kondo alijitanda pazia la marehemu bibi yake, kichwani taji la shaba lililokuwa kifuniko cha sufuria, kidevuni ndevu za mbuzi zilizobandikwa kwa ulimbo. Waziri alikuwa na upanga mzito kuliko yeye, akauburuta. Wengine walivaa dhahabu za wake zao mpaka ukashindwa kujua huyu ni askari au bibi harusi. Farajala peke yake hakutafutiwa vazi. Alikuja na nguo yake ya tanurini, na watu wakasema, "Huyo ndiye aliyevaa sawasawa."

Jumbe Kondo akanguruma. Akachomoa upanga. Farajala akapiga magoti. Na hapo, jamani, Jumbe akasahau. Neno moja tu alilobakiza, nalo likamtoka kichwani. Akafumbua kinywa, akakifumba, akakifumbua tena. Mwinyi Shekuwe alitakiwa awe nyuma ya pazia amkumbushe, lakini Mwinyi Shekuwe alikuwa amekwenda kukaa mbele, watu wamwone. Jasho likamtiririka Jumbe, ulimbo ukalainika, ndevu za mbuzi zikaanza kuteremka.

Farajala, palepale magotini, akanong'ona, "Sema, bwana: Inuka, Farajala, nimekuacha huru kwa radhi ya Mungu."

Mfa maji hukamata maji. Jumbe Kondo akalidaka neno lile, akalipaza kwa sauti iliyofika mtaa wa pili: "Inuka, Farajala! Nimekuacha huru kwa radhi ya Mungu!"

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Upande wa wanawake akasimama Mashavu, akaita, "Mmesikia, Waislamu? Mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitika wote, wakidhani na hayo yamo mchezoni.

Farajala akainuka. Hakuinama, hakurudi nyuma ya pazia. Akashuka jukwaani, akamshika mkewe mkono, wakaondoka. Watu wakapiga makofi na kusema, "Anajua kuigiza, yule!"

Jumbe Kondo hakumwambia mtu kwamba alisahau. Mwinyi Shekuwe alijua fika kwamba maneno yale si yake, lakini watu walikuja kumshika mkono na kumwambia, "Mwisho wa mchezo wako umetutoa machozi." Akakivaa kilemba hicho cha ukoka, akakikaza vizuri.

Asubuhi Mwana Hidaya akauliza, "Mbona tanurini hakuna moshi?" Wakatumwa watu, wakamkuta Farajala kwa mkewe, anakunywa uji.

"Twende, unaitwa."

"Naitwa na nani? Mimi nimeachwa huru."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakamleta mbele ya waungwana. Jumbe Kondo akasema, "Ulikuwa mchezo." Mwinyi Shekuwe akasema, "Ulikuwa mchezo." Mwana Hidaya akasema, "Ulikuwa mchezo, tena mfungeni, asije akauendeleza." Wakamtia pingu miguuni, wakamfungia ghalani, angoje chombo.

Hapo mambo yangekwisha, kama waungwana wangekuwa na akili ya kunyamaza. Lakini mtu mwenye majivuno hatulii mpaka aonekane mara ya pili. Wakamwita Fundi Saburi, mchonga milango, wakamwambia, "Tuchonge kwenye ubao, tupake wino, tupige chapa kwenye karatasi, kila nyumba iwe na picha yetu." Wakayavaa tena mavazi yao, wakajipanga.

"Mimi niwe mrefu zaidi," alisema Jumbe Kondo.

"Mimi niwe karibu naye, nimeshika kalamu," alisema Mwinyi Shekuwe, ambaye jukwaani hakupanda.

"Mimi uso wangu usionekane," alisema Mwana Hidaya, "lakini mkono wangu uonekane umetokeza penye pazia, na pete zote."

"Na mtumwa?" aliuliza fundi.

"Mtoe. Anaharibu picha."

"Nikimtoa, Jumbe, mkono wako huo utakuwa unamnyooshea nani?"

Wakatazamana. Wakakubali abaki, lakini achongwe mdogo, kama paka. Na chini ya picha Jumbe Kondo akaamuru yachongwe maneno haya: *Jumbe Kondo, akimwacha huru mtumwa wake.* Mtumwa wake! Kwa mdomo wake mwenyewe, bila kushikiwa upanga.

Picha zikapigwa chapa, zikaenda nyumba kwa nyumba. Moja ikamfikia Malkia Mwanaheri, aliyekuwa shambani tangu kabla ya Idi. Mchezo hakuuona, wala hakuna aliyemwambia. Aliona watu wazito wamesimama na mmoja amepiga magoti, akasoma maneno, akalia. "Kumbe mji wangu una watu wa namna hii, nami nawadhania wajinga!"

Akaja mjini pamoja na kadhi, na mtumishi amebeba joho la hariri lililotariziwa kwa dhahabu. Akawakusanya watu, akasema, "Aliyemwacha huru mtu huyu, joho hili ni lake, naye atakaa kuumeni kwangu. Na aliyeachwa huru, kama ilivyo ada yetu, atachukua jina la ukoo wa aliyemwacha, yeye na watoto wake, na kila Idi atakwenda kumwamkia. Yuko wapi huyo mwenye bahati?"

Mwenye bahati alikuwa ghalani na pingu. Mngewaona mbio zao! Farajala akafunguliwa, akaoshwa, akavikwa kanzu ya mtu mwingine iliyomkaa juu ya vifundo, akaletwa.

Kadhi hakuwa mtu wa kudanganywa na picha. Akasema, "Nimesikia huko njiani kwamba ulikuwa mchezo. Nawaambieni mapema: neno la kumwacha mtu huru halina mzaha. Likitoka kwa mwenye mtu, limetoka, awe anacheka au analia. Basi nani mwenye neno?"

Jumbe Kondo akatangulia, kama kawaida yake. "Ni mimi. Kwangu haukuwa mchezo hata kidogo. Mwana Hidaya alinipa mtu huyu mbele ya watu, akasema, 'Ni wako.' Mtumwa wangu, ulimi wangu, na mji mzima ulinisikia. Na picha ndiyo hiyo."

Mwana Hidaya akasema kutoka nyuma ya pazia, "Kwangu pia haukuwa mchezo. Muulizeni Kondo amepungukiwa nini. Ndevu za mbuzi? Nyumba iliyopungukiwa mtu ni yangu. Tanuri lililozimika ni langu. Kupiga kelele anaweza hata jogoo. Aliyetoa ni mimi."

Mwinyi Shekuwe akakohoa kwanza, kama watunzi wanavyokohoa. "Haukuwa mchezo, Malkia. Kasuku akisema neno jema, hasifiwi kasuku, husifiwa aliyemfundisha. Kondo ni kasuku wangu. Maneno yale yametoka katika kalamu yangu."

"Unaapa?" kadhi akamuuliza.

Mwinyi Shekuwe akatazama joho. "Naapa," akasema.

Akaapa! Kwa neno ambalo hajaliandika, hajaliota, wala asingelifikiria hata angeishi miaka ya Nuhu. Na Jumbe Kondo, aliyejua neno lile alilipata wapi, akatazama vidole vya miguu yake. Angemwumbua vipi mwenziwe bila kujiumbua? Ajabu ya waungwana wale ni kwamba uongo wa mmoja ulikuwa umeegemea uongo wa mwingine, na juu ya uongo huo wote ndipo ulipokaa uhuru wa Farajala.

Mashavu hakungoja kuitwa. "Shikamoo, Malkia. Kabla hujaja, watu hawa walimtia mume wangu pingu, vifundo vyake hivyo hapo, vitazame. Walisema ulikuwa mchezo. Walipoliona joho, haukuwa mchezo tena. Mimi ndiye niliyewaita watu washuhudie, na neno lisilo na shahidi ni upepo. Lakini joho lako silitaki, Malkia. Nataka nirudi nyumbani na mtu wangu."

Uwanja ukanong'ona. Malkia akamgeukia Farajala, akamwambia kwa upole, "Farajala."

"Lebeka, Malkia."

"Wewe ulikuwapo kuliko wote. Utakayemtaja ndiye. Nani alikuacha huru?"

Farajala akapiga hesabu moyoni. Akimtaja Jumbe Kondo, yuko huru, lakini watoto wake wataitwa wa Kondo, na kila Idi atakwenda kuinama mbele ya mtu aliyemtia pingu. Akimtaja Mwana Hidaya, ni yuleyule aliyemfunga awe zawadi, kama kitambaa. Akimtaja Mwinyi Shekuwe, atakipa kiapo cha uongo baraka, na atayasikiliza yale mashairi mpaka kufa. Na akisema kweli, kwamba neno lile alilitia mwenyewe katika kinywa kilichokuwa kitupu, huenda kadhi akasema, "Neno la hila si neno," na chombo bado hakijatweka.

Waungwana watatu wakamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe walikuwa wanamwomba mtumwa kitu, kwa macho tu, maana midomo yao haikujua kuomba. Mashavu naye akamtazama.

Farajala akanyoosha mgongo, akafumbua kinywa.

Mimi nanyamaza hapa, maana nikiendelea nitawatukana waungwana wale zaidi ya walivyostahili, ingawa sidhani kama hilo linawezekana. Semeni ninyi mliosikiliza. Je, nani alistahili joho: aliyetamka asilolijua, aliyetoa asichokusudia, aliyeapa kwa neno lisilo lake, aliyeita mashahidi, au aliyelinong'ona neno akiwa magotini? Na wewe unayejibu upesi hivyo, ungekuwa umesimama pale na vifundo vinakuuma na mkeo anakutazama, ungesema kweli?