Kwa Nini Mto Luhanje Unazunguka Kilima cha Mawe Meusi

Zamani, jamani, Luhanje haukuwa na kona. Ulitoka msituni ukanyooka hadi mashamba ya watu wa Bondeni. Huku juu kulikuwa na miti na nyati tu.

Kisha akaja Ngwisa na jamaa zake, wakafyeka, wakajenga. Ngwisa alikuwa fundi. Aliuziba mto kwa magogo, mawe na udongo wa mfinyanzi. Maji yakajaa nyuma ya ukuta, yakazungusha gurudumu kubwa la mti, nalo likaendesha msumeno wa kupasulia mbao.

Watu wa Bondeni wakakosa raha. Maji yakipungua, walisema Ngwisa anawakausha ili wahame, achukue mashamba. Yakiongezeka, walisema anawajaribu. Wakatuma watu wajifiche vichakani wamchunguze. Ngwisa akawaona, akaamini wanataka kuubomoa ukuta wake, akaweka walinzi wenye mikuki. Hata kuoa kwake binti wa Bondeni, Tusekile, hakukusaidia kitu.

Ikaja masika kubwa. Asubuhi moja Ngwisa aliona ukuta unavuja tope kwa chini, akajua hautafika jioni. Akamtuma mkewe haraka akawaambie watu wapande mlimani.

Tusekile alimkuta baba yake, Mwaikasu, mlangoni.

"Baba, ondokeni! Ukuta unabomoka."

"Nani kakutuma?"

"Mume wangu."

"Mwambie hatutoki. Tukipanda huko, tutarudi tukute amelima yeye."

Tusekile alipiga magoti, akalia. Hakuna aliyenyanyuka. Mwishowe akaketi kando ya mama yake, akamshika mkono. "Basi na mimi sitoki," akasema.

Kule juu Ngwisa alitazama mlima, hakuona mtu hata mmoja. Akaelewa kwamba hawakumwamini mkewe, na kwamba mkewe hatarudi. Akachukua jembe, akaanza kuchimba ukingo wa kushoto, upande wa kiwanda chake.

"Una wazimu?" nduguye Ambokile akamshika bega. "Hapo unabomoa kwako!"

"Niache, au unisaidie."

Ambokile akachukua jembe. Wakachimba wote mpaka maji yakapata njia. Yalibeba gurudumu, msumeno, mbao na nyumba ya Ngwisa, yakazunguka kilima cha mawe meusi, yakatawanyika nyikani. Yalipofika Bondeni yalikuwa ya magotini tu.

Mvua ilipokatika, Mwaikasu alipanda na wazee wenzake pamoja na Tusekile. Wakamshukuru Ngwisa sana. Kisha Mwaikasu akapita polepole mahali kiwanda kilipokuwa, akachungulia nyuma ya mawe, akageuka.

"Mkwe wangu," akasema, "hizo mbao umezificha wapi?"

Na tangu siku hiyo Luhanje umepinda hivyo mnavyouona. Kila masika watu wa Bondeni hupanda kuukagua ukingo, na watu wa huku juu huwasindikiza, wakitembea nyuma yao ili wawaone mikono.