Kisu Kirefu cha Lugendo

Sifa ya kisu ni nyongo nzima.

Ndivyo alivyosema Bi Nyamizi jana, yule kinyozi mpya alipokuwa akiwaonyesha mashine zake zinazometameta, nanyi mkatazamana kama mbuzi waliosikia radi. Sasa mmekuja kuniuliza kisu na nyongo vilijuania wapi. Haya, sogeeni. Na wewe mwenye simu, iweke mfukoni, haitakimbia. Msemo huu ulizaliwa katika pori la Isunga, siku alipoanguka pofu, yule mnyama wa porini mkubwa kama ng'ombe, na mtu wa kumpasua akiwa Lugendo.

Lugendo alikuwa mwindaji hodari, mcheshi, na mpenda vitu vinavyong'aa. Kasoro hiyo ya mwisho msiicheke sana. Nawaona viatu mlivyovaa.

Wawindaji wa Isunga walikuwa na desturi yao. Aliyemwangusha mnyama hakumpasua. Kupasua kulikuwa kazi ya mtu mmoja katika kundi zima, naye aliitwa mpasuaji. Tumbo la mnyama likishafunguliwa, hakuna aliyeruhusiwa kusema neno ila yeye, mpaka mwenyewe awaambie, "Semeni." Na mwiko wake ulikuwa mmoja: asitoboe nyongo. Ikimwagika ndani ya mnyama, hasara haikuishia kwenye ini. Pori lilifungwa, na upinde haukuvutwa tena mpaka mwezi mwingine uandame.

Mwaka ule mpasuaji wa zamani aliingiwa na ukungu machoni, wazee wakamteua Lugendo. Ulikuwa mwaka wa njaa. Mtama ulikauka ungali na urefu wa goti, watu wakawa wanachimba mizizi. Nyumbani kwa Lugendo, mkewe Nyanzala alikuwa ananyonyesha, na maziwa yalikuwa yameanza kumkatalia. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa kama ya paka. Lugendo alijua vizuri kabisa: pori likifungwa mwezi mzima, kilio kile hakitafika mwisho wa mwezi.

Basi akaenda kutafuta kisu kwa Chibago, mhunzi. Chibago alikuwa Mgogo aliyehamia Isunga, na Wagogo na Wanyamwezi, kama mjuavyo, ni watani. Mtani anaweza kukutukana msibani, nawe ukamshukuru.

Chibago akatandaza visu vyake juu ya ngozi ya ng'ombe. Jicho la Lugendo likaruka moja kwa moja hadi kwenye kimoja kirefu kama mkono hadi kiwiko, chenye ncha kama mwiba, mpini umezungushiwa waya wa shaba, ala yake ngozi ya chatu. Akakijaribu kwenye mkono wake, vinyweleo vikaanguka vyenyewe.

"Hiki ndicho!"

"Mtani, kiweke chini," Chibago akasema. "Mnyamwezi ukipewa kitu kirefu unadhani ni mzigo, utajitwisha kichwani. Chukua hiki." Akamsukumia kisu kifupi, cheusi, chenye tumbo la duara na ncha butu kama ukucha wa dole gumba. "Kisu cha kupasulia, kidole chako kifike mwisho wake. Kile kirefu kitakwenda mahali ambako akili yako haijawahi kufika."

Lugendo akacheka mpaka akashika mbavu. "Mla mlenda wewe! Tangu lini Mgogo akamfundisha mtu kupasua pofu? Hicho kampe bibi yako amenyee viazi."

"Bibi yangu ana akili, hatakikataa."

Wakacheka wote wawili, na Lugendo akaondoka na kisu kirefu kiunoni. Njia nzima alikuwa akirudia maneno ya mtani wake na kucheka peke yake. Haikumpitia akilini kabisa kwamba mtu anaweza kukutukana na kukuambia kweli kwa pumzi hiyo hiyo.

Siku chache baadaye, Kapela, mpiga upinde wao, alimchoma pofu dume kwa mshale wa sumu. Wakamfuata asubuhi nzima. Kila walipomkaribia waliyasikia magoti yake yakilia, ko, ko, ko, kama mtu anayegonga kijiti kwa kijiti, ndivyo pofu wanavyotembea. Jua lilipofika utosini magoti yakanyamaza. Walimkuta amelala penye uwazi kati ya miti ya miyombo, na hakuna aliyekimbilia mbele. Alikuwa mkubwa kuliko walivyodhani kiumbe anaweza kuwa. Pembe zimesokotwa kama kamba, ngozi ya shingo inaning'inia kama shuka ya mfalme. Kapela mwenyewe alivua kofia yake.

Wabebaji wakafika, Chibago akiwa miongoni mwao, maana njaa haimwachi mhunzi nyumbani. Lugendo akachomoa kisu. Shaba ikawaka juani, mmoja akanong'ona, "Aisee!" Ngozi ikafunguka kwa mkato mmoja. Lugendo akavimba kichwa kidogo.

Akakata ukuta wa tumbo. Kimya kikaanza.

Hapo hapo akasikia pumzi yenye harufu ya majani yaliyochacha, fsss, ikimpiga usoni. Ncha ilikuwa imelidunga tumbo la majani. Tundu dogo tu. Akaliziba haraka kwa ngozi na kidole, akamwashiria Kapela alishike. Hiyo bado haikuwa nyongo. Nyongo ilikuwa kule ndani, imelala chini ya ini, gizani, na mkono wake ulipaswa kuifuata.

Akaingiza mkono na kisu, joto likampanda mpaka kwenye kwapa. Akakigusa kitu laini, kilichojaa, kinachoteleza kama samaki. Na ncha ya kisu iko wapi? Hakujua. Ilikuwa mbele ya vidole vyake, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwepo. Akijongeza kidole, ncha ilijongea zaidi. Akabaki vile vile, jasho likimdondoka, na katika kimya kile akamsikia mtoto wake akilia kwa sauti ya paka, ingawa nyumbani kulikuwa mbali.

Akautoa mkono taratibu. Akakitupa kisu kirefu majanini.

"Mtani," akasema. "Kile kisu cha bibi yako. Umekuja nacho?"

Chibago hakuruhusiwa kujibu. Watu wote walimtazama usoni, kwa sababu hata mwiko haumzuii mtani kucheka kwa macho. Hakucheka. Alikitoa kisu kifupi mkobani, akakifuta kwenye nguo yake, akampa kwa mikono miwili.

Lugendo akalaza kidole cha shahada juu ya mgongo wa kile kisu. Kisu kikaishia pale kidole kilipoishia. Akaingiza mkono tena, na safari hii aliona. Aliona kwa kidole. Kisu kilikuwa kimegeuka ukucha wake. Kikapita kando ya mshipa, kikazunguka, kikaacha ukingo mwembamba wa ini kuizunguka nyongo kama mtu anavyoacha nyasi kuzunguka kiota. Ndege walikuwa wakiimba, na ilikuwa kama wanaimba kwenye nchi nyingine.

Akautoa mkono. Kiganjani ilikuwapo nyongo, kijani cha majani mapya, imejaa, inatetemeka, jua likipenya ndani yake. Kitu kisichozidi yai, na mwezi mzima wa kijiji ulikuwa umekaa humo.

"Semeni," Lugendo akasema.

Walisogea wakatazama, watu wazima, midomo wazi. Lugendo akamgeukia Chibago na kuinamisha kichwa, akisubiri tusi lake, maana alilistahili.

Chibago alikuwa amepiga magoti mbele ya kiganja kile. Kisu alichokifua kwa mikono yake mwenyewe hakukitupia hata jicho.

"Mtani," akasema polepole, "sifa ya kisu ni nyongo nzima."

Wakangoja tusi lifuate. Halikufuata.

Jioni hiyo Nyanzala alikula ini la pofu, sehemu ya mpasuaji, na pori likabaki wazi. Wanawake wa Isunga waliipokezana ile nyongo kiganja kwa kiganja, taratibu kama wanampokea mtoto mchanga, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kisu kilikuwa cha namna gani. Ukali kila mtu anao, wajukuu zangu. Hata nyigu anao. Mtazameni mtu alipita karibu na nini, akakiacha kizima.

Sifa ya kisu ni nyongo nzima.