Shule ya Kwemhina na Mkeka wa Asubuhi

Hapo zamani, sogeeni karibu watoto wangu, palikuwa na shule milimani ikiitwa Kwemhina. Kila asubuhi, kabla ya kengele, mtoto wa darasa la saba alikaa mkeka mmoja na mtoto wa darasa la kwanza. Mkubwa alifundisha, mdogo aliuliza. Wadogo walijua kusoma kabla masika hayajaisha, na wakubwa walifaulu mitihani yao.

Siku moja akaja mkaguzi mpya. Akaitazama mikeka, akatikisa kichwa.

"Wakubwa wanapoteza muda. Jumatatu lori litawachukua, wakasome shule ya bondeni. Wadogo watabaki. Mwalimu Mkuu, tia sahihi barua hii."

Mwalimu Shekiondo akaiweka kalamu mezani. "Sahihi hiyo sitoi, bwana."

"Basi wewe si mwalimu mkuu tena."

"Sawa. Chaki bado ninayo."

Akavuliwa ukuu siku hiyohiyo. Lakini bila sahihi yake barua ikarudi wilayani, na lori likachelewa wiki nzima.

Wiki hiyo Mama Mwanaheri, mpishi wa uji, hakutulia. Akapanda mlima, akashuka mlima, akagonga mlango huu, akagonga mlango ule. Lori lilipofika, wazazi wote walikuwa wamekaa barabarani, yeye mbele, mwiko mkononi.

"Mama, ondoka njiani!" dereva akapiga kelele.

"Nipitie juu kama unaweza, mwanangu. Lakini kumbuka ni uji wangu uliokukuza."

Dereva akazima injini.

Mkaguzi akashuka, amekasirika, akaingia darasani, watu wote nyuma yake, akaandika hesabu ubaoni. "Haya! Mtoto mmoja wa darasa la saba anieleze hesabu hii ya sehemu. Akiweza, naondoka na lori langu."

Akamchagua Sikudhani, msichana mwenye haya kuliko wote. Sikudhani akautazama ubao. Akautazama tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, bwana. Naomba mkeka. Na naomba Tatu."

Tatu wa darasa la kwanza akaja, akakaa. Sikudhani akaanza kumfundisha.

"Kwa nini, dada?" Tatu akauliza. Sikudhani akaeleza.

"Kwa nini tena?" Akaeleza tena, akachora chungwa, akaligawa vipande, mpaka dereva naye akasema, "Kumbe ndivyo!"

Mkaguzi akaichana barua yake. "Mikeka ibaki."

Kwa furaha wazazi wakajenga chumba cha vitabu. Juu ya mlango palikuwa na nafasi ya jina moja tu.

"Andikeni langu," akasema Mama Mwanaheri. "Bila mimi, lori lingeondoka na watoto, na huyo Sikudhani angeeleza hesabu zake huko bondeni."

"Na bila wiki yangu moja, mama, ungeigonga lini hiyo milango?" akasema Mwalimu Shekiondo. "Tena wewe mwiko wako unao. Kiti changu kapewa mwingine."

"Mwalimu, mama, samahanini," akasema Sikudhani, na safari hii hakuona haya. "Nyinyi mlilichelewesha lori. Mimi nililirudisha tupu."

Tatu akanyoosha kidole. "Na mimi? Ningenyamaza, dada angemweleza nani?"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kubishana. Fundi yuko juu ya ngazi, brashi mkononi, rangi inaanza kukauka. Haya, mwambieni nyinyi: aandike jina la nani?