Mashine Iliyokosa Mahindi

Umeme wa maporomoko ya Lufingo ulikuwa wa kijiji kizima, lakini kila jioni Mzee Mwandambo alipowasha mashine yake ya kusaga, taa za wenzake zilizimika. Kamati ya umeme ikamwomba asage asubuhi.

"Nguzo kumi nilichanga mimi," akasema. "Nitasaga nipendapo."

"Saga tu, mzee," akajibu Mama Lugano, katibu wa kamati. "Hatugombani."

Jioni nne mashine ikanguruma bila mteja hata mmoja. Siku ya tano Mwandambo akamfuata Mama Lugano kwake, akamkuta ameketi juu ya kiroba barazani.

"Mbona hamleti mahindi?"

"Hayajachambuliwa, mzee. Mchana tuko shambani, jioni ni giza. Au tukuletee na mawe yake yakuvunjie mashine?"

"Kila nyumba naambiwa hivyohivyo."

"Giza nalo liko kila nyumba."

Mwandambo akakuna kidevu. "Nikisaga asubuhi?"

"Taa zikiwaka leo, kesho utakuta foleni."

Jioni ile taa ziliwaka. Asubuhi foleni ilifika barabarani, na mbele kabisa alisimama Mama Lugano na kiroba kilekile alichokuwa amekikalia. Mahindi yake yalichambuliwa wiki iliyopita, mchana kweupe.